Jibu: Kwa nini bileti zinachelewa kuiva tanuruni kuliko hesabu inavyosema

Mkuu, hesabu yako nimeipitia. Tanuru lina nyuzi 1250, bileti (vile vipande virefu vya chuma vya kutengenezea nondo) ni za milimita 100 kwa 100 zimepangwa bega kwa bega, zinapata moto juu tu, nawe ukapata kwamba zitaiva kwa dakika 34. Vijana wa tanuru wanakwambia chini ya saa moja na nusu hazitoki. Nimefanya kazi kwenye matanuru ya kupashia chuma cha nondo: vijana wako sahihi.

Kelvini (Selsiasi ukiongeza 273) umeweka vizuri. Wengi huweka Selsiasi kwenye kile kipeo cha nne cha kanuni ya mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga, wanapata kilowati 138 kwa mita mraba badala ya 305, na hesabu nzima inaharibika. Shida yako ni kwamba hiyo 305 umeibeba tangu mlango wa kuingizia mpaka wa kutolea.

Kwanza, chuma, kuta na moshi havibadilishani mnururisho kikamilifu. Mimi huzidisha kwa 0.6 hivi, inabaki 183. Pili, na hapa ndipo penye uzito, bileti ikipata moto nayo inarudisha. Uso ukifika nyuzi 1100 unanururisha 201 kwa hesabu ileile, kwa hiyo tofauti ni 104 tu. Zidisha kwa 0.6, unabaki na 62. Theluthi moja ya ile 183! Joto linaloletwa na moshi unaopita juu ya chuma ni dogo: mwanzoni kama 25, mwishoni 3. Usihangaike nalo sana.

Kwa hiyo gawa tanuru vipande, tuseme kila mita moja. Kwa kila kipande tafuta joto linaloingia, pandisha nyuzi za chuma, ndipo uende kipande kinachofuata. Excel inatosha kabisa.

Halafu kuna ndani ya bileti. Chuma chenye joto hilo hupitisha kama wati 28 kwa mita kwa kila nyuzi. Ukiingiza kilowati 62 kwa upande mmoja, juu na chini vinatofautiana nyuzi 110 hivi. Uso unang'aa vizuri kabisa, chini bado pagumu, na ukiipeleka hivyo kwenye rola, zile za kubana chuma kiwe chembamba, inatoka imepinda. Ndiyo maana eneo la mwisho la tanuru halipandishi joto, linasawazisha tu. Tafadhali usilipunguze eneo hilo ili kuongeza tani. Nimeona rola zikivunjika kwa sababu hiyo, na karibu na rola kuna watu.

Mlango nao usiusahau. Nafasi ya nusu mita mraba ikiachwa wazi inatoa kilowati 150 hivi, mafuta yanateketea bure.

Na hiyo 1250 uliyoandika, uliza themokapo, kile kipima joto cha tanuru, iko wapi. Ikiwa imechomozwa kwenye dari karibu na bena inayotoa moto, inasoma dari na mwali, haisomi chuma. Pima uso wa bileti yenyewe inapotoka mlangoni, kisha rekebisha ile 0.6 mpaka hesabu ikutane na kipimo.