Mliokuja tiba shufaa, someni haya kabla ya zamu

Wadogo zangu, kazi yetu hapa ni kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa usiopona. Juzi mmoja wenu alisimama ubavuni mwa kitanda akamweleza kijana hali ya baba yake kwa Kiingereza, akidhani anamficha mgonjwa. Mzee ana saratani ya koo, si ya masikio. Isitoshe, amestaafu akiwa mwalimu wa Kiingereza. Sauti imeshakwisha, basi alichukua daftari lake akaandika: "Endelea, nafuatilia." Nilicheka kwa aibu, kisha nikakasirika, maana kosa lile nalijua vizuri kuliko ninavyopenda kukiri.

1. Mofini, dawa yetu ya maumivu makali, hutolewa kwa saa, haisubiri mgonjwa alie. Ya maji ni kila baada ya saa nne, ya kulalia dozi mbili kwa pamoja ili watu walale, na dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Cicely Saunders, nesi aliyeishia kuwa daktari, alilisisitiza hili tangu kabla hajafungua St Christopher's, nyumba ya kutunza wagonjwa wanaoelekea mwisho, kule London mwaka 1967, na bado nakuta mmeandika "akihitaji". Wenzetu Uganda, manesi waliosomea tiba shufaa wanaiandika wenyewe tangu 2004. Ninyi mnaogopa hata kuivuta kwenye bomba. Ndugu akisema hiyo ni dawa ya kuulia, usinune. Alimwona jirani akipewa chupa wiki ya mwisho, jirani akafa, naye akajumlisha. Kaa naye umweleze.

2. Kidonda kinachonuka: safisha, saga vidonge vya metronidazoli, nyunyizia. Na usivae barakoa mbili ukiwa bado mlangoni, mgonjwa anakuona.

3. Usimdanganye mgonjwa. Hapa nitakaa kidogo.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, tulikuwa na bibi mmoja wa Kilwa mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Wanawe walinishika korido: "Sista, mama asijue. Akijua atakufa kabla ya siku zake." Nikakubali, tena nikajiona nina huruma kuliko wenzangu wote wodini.

Bibi hakuniuliza moja kwa moja. Aliniuliza kwa minazi. "Mwanangu, minazi yangu niikodishe, au msimu ujao nitaangusha mwenyewe?" Nikamjibu, "Utaangusha mwenyewe bibi, pata nguvu kwanza." Siku nyingine: "Ramadhani hii nitafunga?" "Inshallah utafunga." Ile inshallah nilikuwa naigawa kama panadoli. Akaniuliza kama anaweza kwenda nyumbani mara moja, aone tu. Wakati ule alikuwa bado anaweza kukaa kwenye basi. Nikasema tusubiri damu ipande.

Damu haikupanda. Alipoanza kuchanganyikiwa, wanawe ndipo wakahangaika kutafuta gari la wagonjwa, na kabla halijapatikana akafariki alfajiri, pale pale wodini. Gari la kubeba maiti lilikula fedha ambazo zingemfikisha yeye akiwa hai, amekaa dirishani, na chenji ikabaki.

Walipokuja kuchukua vitu vyake, dada wa usafi aliegemeza fagio lake ukutani akawaita pembeni. Bibi alikuwa amemwachia wasia. Kuna fedha za upatu za jirani hajazirudisha, alitaja jina na kiasi. Kuna doti ya kanga mpya sandukuni, apewe mkwe. Na mdogo wake waliyegombana kwa mpaka wa shamba ameshamsamehe, aambiwe. Mtoto mkubwa akanigeukia: "Mbona hakukuambia wewe, sista?" Sikuwa na jibu. Dada wa usafi ndiye aliyenijibia, wala hakukusudia ubaya: "Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema sista anatamani sana yeye apone, hataki kumvunja moyo."

Yaani mgonjwa wangu, anaumwa vile, alikuwa ananitunza mimi.

Nilikwenda stoo ya dawa nikajifungia. Sikulilia kifo, vifo nilishaviona. Nililia deni la watu ambalo karibu lizikwe, na mdogo mtu ambaye angeweza kupanda basi akaja kusemehewa kwa mdomo.

Siku hizi ndugu wakinishika korido nawauliza wanaogopa nini hasa. Wakimaliza, nawaambia sitakwenda kumtangazia, lakini akiniuliza sitamdanganya. Kwa mgonjwa naanza na swali: "Wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda. Nimewaona mkihesabu matone ya dripu iliyokwisha kufungwa. Wapo wasiotaka kujua. Atakuambia kamweleze mke wangu, mimi niambie Simba wanacheza saa ngapi. Mwambie Simba wanacheza saa ngapi.

4. Mwili unaoelekea mwisho hauombi uji. Binti akija na chupa ya chai na kijiko, usimfukuze. Mfundishe kumlowesha mama midomo kwa pamba, mikono yake ipate kazi.

5. Pumzi ikianza kukoroma, mlaze ubavu na uwaeleze ndugu kwamba sauti ile inawatesa wao kuliko yeye. Acha kumpima presha, utaifanyia nini? Padre, mchungaji au sheikh aitwe mapema, na kibla ulizeni mapema pia. Nimewahi kukuta mashemeji wawili wanabishana, kila mmoja na dira ya simu yake, huku kitanda kinazungushwa na mgonjwa ndani yake. Mzee wa watu akafumbua jicho moja akaonyesha kwa kidole. Alikuwa sahihi.

6. Kulia ruksa. Ila usilie mpaka wafiwa waache msiba wao wakaanza kukubembeleza wewe.

7. Mofini iliyobaki nyumbani irudi na iandikwe kwenye rejista. Lakini siku ya kwanza ni ya kutoa pole tu. Habari ya chupa iache mpaka matanga yapite. Mmoja wenu, simtaji na anajijua, alipiga asubuhi ya mazishi kuulizia chupa, na baba wa watu akaacha jeneza akaenda kutafuta risiti, akidhani hospitali inamdai.