Jiko lina miguu, lakini halitembei

*Shangazi, shikamoo. Tumepanga nyumba Riat, hapa Kisumu, yenye baraza ya mbao bustanini. Majuzi shemeji yangu alikuja kututembelea kutoka Siaya. Tukiwa tunachoma nyama jiko likapinduka, makaa yakaunguza mbao. Mwenye nyumba anataka tulipie baraza nzima, la sivyo anakata amana yetu. Mimi nataka shemeji alipe, lakini mume wangu amenyamaza tu. Nimeshaandika ujumbe wa kuweka kwenye kundi la WhatsApp la familia yao. Dada yangu alipovunja kioo cha dirisha Desemba tulilipa wenyewe, ila hicho kilikuwa kitu kidogo. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa hasara. Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma na kuirudia nikimtafuta aliyelitoa jiko ndani, sikumpata. Wewe unasema tu "likapinduka". Jiko lina miguu, lakini halitembei. Mgeni hajui mnakoweka makaa wala kiberiti. Aliyeliwasha akaliweka juu ya mbao, na nyasi ziko pale chini, ni mwenyeji, na nashuku mwenyeji huyo ni wewe. Ndiyo maana mumeo kanyamaza. Alikuwepo, aliona, na anakusitiri.

Halafu hicho kioo cha Desemba! Cha dada yako ni kitu kidogo, cha ndugu yake ni kesi ya ukoo mzima. Ndoa za siku hizi zimegeuka daftari la duka: huku watu wangu, kule watu wako, na kila anayebisha hodi anafunguliwa ukurasa wa madeni. Mnatafuta nyumba yenye baraza ya kukaribishia wageni, mnapigia picha hapo, kisha mgeni akija kweli mnamtumia bili. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema aje na pochi.

Hata kwa mkataba huna pa kushika. Waliotia sahihi ni ninyi na mwenye nyumba, shemeji hayumo. Kilichoharibiwa na mgeni wenu, mbele ya mwenye nyumba ni chenu.

Ila naye asijijengee baraza mpya kwa mfuko wenu. Mbao za nje hapa Kisumu hupigwa jua na mvua, na mchwa hawalali. Uchakavu huo haukuletwa na makaa. Pigeni picha, palipoungua na palipo pazima. Kisha mwite fundi seremala kutoka soko la Kibuye akague na atoe bei ya sehemu iliyoungua tu. Palipobabuka juujuu huenda pakatosha msasa na vanishi. Ubao ulioungua upande mmoja, kama haukuliwa sana, anaweza kuubandua akaugeuza. Uliokwisha abadilishe kwa mbao za aina na upana uleule. Bei hiyo iandikwe, mumeo aipeleke kwa mwenye nyumba, na wakubaliane kwa maandishi kwamba baraza ikitengenezwa amana haiguswi.

Shemeji akijitolea kuchangia, pokeeni na mshukuru. Asipojitolea, usimdokeze, wala usimtumie mama mkwe akudokezee. Na ule ujumbe wa WhatsApp ufute leo, kabla mumeo hajarudi kutoka kazini.