Maswali ya Wasomaji: Kurudi Darasani Ukubwani

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 34, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Niliishia darasa la saba. Nataka kufanya QT (mtihani wa maarifa kwa wasiopita sekondari) lakini hesabu za sehemu na asilimia zimenitoka kabisa. Mwalimu mmoja wa masomo ya jioni anasema miezi sita inatosha. Nianzie wapi?
*Mama Dagaa, Mwanza*

JIBU: Dada, usianze na kitabu cha kidato cha kwanza. QT hupima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, lakini kinachowakwamisha wengi ni mambo ya darasa la nne na la tano. Jipime kwanza, simu ikiwa mbali. Andika 50,000 kutoa 18,750. Ukipata 48,750, ujue kila safu umetoa namba ndogo kwenye kubwa badala ya kukopa. Jibu ni 31,250. Lijumlishe na ulichotoa. Isiporudi 50,000 umekosea mahali.

Kisha jumlisha 1/2 na 1/3. Wengi huandika 2/5, yaani wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Sasa fikiria: una nusu debe, unaongezewa theluthi ya debe, halafu unabaki na pungufu ya nusu? Haiwezekani. Asili, yaani namba za chini, lazima zilingane kwanza. Kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, ni 6, kwa hiyo 3/6 na 2/6 ni 5/6.

Asilimia unaijua tayari, ila hujaiandika. Umenunua mzigo kwa shilingi 84,000, ukauza 96,600. Faida ni 12,600. Gawa kwa bei ya kununulia, kisha zidisha kwa 100: 15%. Anayegawa kwa bei ya kuuzia hupata kama 13%, na kosa hili ndilo tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Andika mauzo yako kwenye daftari kila jioni, ufanye hesabu moja ya namna hii kwa mkono. Dakika 40, siku tano kwa wiki, pamoja na jedwali la kuzidisha hadi 12 kwa kichwa, kwa miezi miwili. Ndipo ufungue kitabu cha sekondari.

Kikwazo kingine ni lugha. Shule ya msingi ulisoma kwa Kiswahili. Mtihani huu, ukiacha somo la Kiswahili lenyewe, huja kwa Kiingereza. Kuna watu wanajua hesabu vizuri na wanaacha swali kwa sababu hawakuelewa wameambiwa warahisishe au walinganishe. Chukua mitihani iliyopita, kusanya maneno ya amri yanayojirudia, uyakariri matano kila siku.

Miezi sita kwa mtu aliyekaa nje ya shule miaka mingi ni michache, jipe mwaka. Na kabla ya kulipa ada, uliza nani atakusajili Baraza la Mitihani. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka. Wapo waliosoma kwa bidii, wakakosa mtihani kwa kudhani mwalimu amewasajili.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 46, mvuvi wa Igombe. Nasoma silabi kwa silabi, nikifika mwisho wa mstari nimesahau mwanzo. Je, akili imezeeka?
*Mvuvi, Ilemela*

JIBU: Marahaba, kaka. Kabla ya kuilaumu akili, pima macho. Kuanzia miaka 40 hivi macho hupoteza uwezo wa kuona karibu, na miwani ya kusomea hurekebisha hilo mara moja. Ukiona unasogeza karatasi mbali ili usome, jibu umeshalipata.

Baada ya hapo, chukua habari fupi ya maneno 60 inayohusu nyavu, injini au bei ya sangara. Isome mara tatu kwa sauti, siku hiyohiyo. Ya kwanza itakwama. Ya tatu macho yataanza kuchukua neno zima, na hapo ndipo maana hukaa. Mradi wa kisomo ulioendeshwa Kanda ya Ziwa kuanzia 1968 hadi 1972 ulitumia vitabu vya pamba na uvuvi kwa sababu hiyohiyo: neno unalolitamka kila siku kazini hulitambua haraka.

Kama lugha yako ya nyumbani ni Kisukuma, angalia *l* na *r*. Kisukuma hakizitofautishi kama Kiswahili, ndiyo maana mtu huandika *mahali* akimaanisha *mahari*. Andika jozi kama hizo, *kula* na *kura*, mtu akusomee nawe uandike.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 23, hakumaliza shule ya msingi. Aende MEMKWA?

JIBU: Hapana, MEMKWA (Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa) ni ya watoto na vijana wasiozidi miaka 18. Aulize MUKEJA, mpango wa elimu ya watu wazima, kwa Afisa Elimu Kata, au kwa Afisa Elimu Watu Wazima wa halmashauri yenu.