Kabla hujauza shamba upate CoS ya Uingereza

Juzi nimetoka shifti ya usiku, niko kwa basi huku Uingereza narudi nyumbani, ikaingia mesej ndefu ya dada mmoja wa Kilifi. Ajenti amemwambia zimebaki CoS mbili (ile hati ya mwajiri wa Uingereza ya kukudhamini uombe viza) za kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, laki tisa, atoe nusu sasa na nusu viza ikitoka, na mamake ameshakubali kuuza kipande cha shamba. Mwisho akaandika, "dada wewe ulitoboa, nishike mkono na mimi." Niliisoma mara nne nikapitiliza stesheni yangu. Huyu si wa kwanza kuniuliza, ndio maana najibu hapa ili wote msome.

Kwanza mjue mimi siwakatazi. Nimekuja huku na hizo ndoto zenu zote, nyumba ya mama, ada ya mtoto, mtaji. Kea ilifunguliwa viza ya Health and Care, ile ya kazi za afya na kuhudumia watu, Februari 2022, wakati wazee wa Uingereza walikuwa hawana watu wa kuwahudumia, na mwaka 2023 pekee viza hizo zilitoka zaidi ya 146,000, hapo wategemezi hawajahesabiwa. Sasa wewe uko Mtwapa unaona jirani kaenda, rafiki wa shuleni kaenda, utakaa vipi?

Mambo ya paspoti na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, sitawachosha nayo. Nilimpa ajenti laki nane na nusu za Kenya, nyingine za chama chetu cha kuchangiana, nyingine za kiwanja tulichonunua na mume wangu mwaka tulioana. Nilikuja kujua baadaye kwamba ile CoS mwajiri alilipia pauni 239 tu na sheria ya Uingereza inakataza ajenti kumtoza mtu pesa ya kumtafutia kazi. Mimi nimetoa zaidi ya pauni 4,000. Hiyo bado inaniuma.

Lakini pesa si ndio kidonda chenyewe. Mwezi wa Disemba 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kea hataruhusiwa tena kuja na mume, mke wala watoto, na baadaye tarehe ikawekwa, 11 Machi 2024. Tuliisikia hiyo habari, tena mume wangu ndiye alinionyesha kwa simu. Nikamuuliza ajenti, akaniambia tulia dada, hiyo haikuhusu, malizia deni lako kwanza nikutumie CoS. Nikangoja chama wanilipe. Cheti cha tabia njema nacho kikachelewa, nikapanda treni hadi Nairobi kupima TB, nikarudi, na nilipobonyeza kutuma maombi ya viza ilikuwa tarehe 19 Machi. Siku nane. Aliyeomba tarehe 10 mtoto wake anasoma huku leo, mimi wangu nilimuacha na miaka minne na sasa ananiona kwa simu tu, akichoka kuongea anampa babake.

Na nilipofika, zile saa 39 kwa wiki zilizoandikwa kwa mkataba zikawa 16, wiki nyingine 20, eti kwa sababu sina gari. Kazi ya kuzunguka nyumba za wazee bila gari huku ni mateso, unatembea kwa baridi kutoka kwa klaienti mmoja hadi mwingine na ule muda wa njiani hulipwi. Leseni ya Kenya unaiendeshea miezi 12 tu, baada ya hapo lazima ufanye mtihani wao. Wewe unayekuja kwa njia yoyote, jifunze gari nyumbani kabla hujapanda ndege, tafadhali.

Mwanzoni mwa 2025 mwajiri akanyang'anywa leseni ya kusponsa, nikapata barua ya siku 60, ama nipate sponsa mwingine ama niondoke. Hizo wiki sitaki hata kuzikumbuka. Nilipata zikiwa zimebaki siku 19, nyumba ya wazee hapa Leeds, pauni 12.82 kwa saa, saa kamili kila wiki. Mtihani wa gari nimepita, deni nililodaiwa na kaka yangu nimemaliza mwezi uliopita, na hilo najivunia kwa sababu nililibeba peke yangu.

Sasa sikieni. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kabisa kuchukua kea wapya kutoka nje. Imefungwa! Walioko tayari huku ndio wameachiwa hadi Julai 2028 kubadilisha viza, wewe uliyeko Kilifi haumo. Kwa hiyo ajenti anayekuuzia CoS ya kea leo anakuuzia karatasi tupu, hata awe kanisani kwenu ama binamu yako. Na hata kabla ya kufunga, zile viza za afya zilikuwa zimeshuka hadi 27,000 hivi mwaka 2024. Hizi nafasi za muda serikali yao inafungua ikiwa na shida na inafunga kura zikikaribia, haiangalii wewe umeuza nini. Mei 2025 walishasema wanataka miaka mitano ya kupata ukaazi wa kudumu iwe kumi, mimi mwenyewe niko hapa nahesabu upya.

Kama unatafuta kazi nyingine, ingia kwenye tovuti ya serikali yao, orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi na ni bure, na hapo Kenya angalia ajenti kama amesajiliwa na NEA, mamlaka ya ajira ya serikali. Soma tarehe mwenyewe. Tarehe usimwachie ajenti, nimewaambia kilichonipata. Na usiuze kitu ambacho mshahara wa mwaka mmoja hauwezi kukirudisha, ardhi ya mama haswa.

Yule dada nilimjibu asubuhi hiyo hiyo. Jana usiku kaniandikia kwamba laki moja na nusu ameshatuma, wiki mbili zilizopita, na ajenti sasa anataka hati ya shamba kama dhamana. Nimemwambia aende polisi leo na mesej za M-Pesa, na ile hati aipeleke kwa mjomba wake. Tiki za WhatsApp bado hazijawa bluu.