Re: Mwandishi wa habari za uchumi anaweza kuwa mshauri Benki Kuu?

Salaam mkuu. Umesema una miaka sita ukiripoti bajeti na mfumuko wa bei, unataka kuingia Benki Kuu kama mshauri, na jamaa amekukatisha tamaa kwamba bila PhD usijisumbue.

Angalia vyeti vyako kwanza. Una shahada ya uchumi, au ya uandishi tu? Mimi nilikuwa na ya uandishi. Kwenye usaili wa benki kuu moja walisifia makala zangu weee, halafu wakanisukumia jedwali la takwimu nilichambue. Jasho lilinitoka.

Watu hupenda kumtaja Rupert Pennant-Rea, yule mzaliwa wa Zimbabwe. Alikuwa mhariri mkuu wa gazeti la The Economist tangu 1986, na mwaka 1993 akawa naibu gavana wa Benki Kuu ya Uingereza. Wanachosahau ni kwamba kabla ya gazeti alishafanya kazi benki hiyohiyo, 1973 hadi 1977. Huyo alirudi kwao, hakubisha hodi ugenini.

Kwa hiyo usiombe nafasi ya mshauri moja kwa moja, ingilia kitengo cha mawasiliano. Na uanze mazoezi leo: chukua uamuzi wa Benki Kuu ya Tanzania (BoT) wa Aprili 2024, riba yake ilipopanda kutoka asilimia 5.5 hadi 6. Ueleze kwa ukurasa mmoja, muuza vitenge wa Kariakoo aelewe na mchumi asikute kosa. Hapo kwa mchumi ndipo mimi nilipokwama.