Tumbaku kunyauka upande mmoja wa shamba: pasua shina kabla hujanunua dawa

Mkuu, umesema mbegu ni ile ile, dawa ni ile ile, ila tumbaku ya bondeni inakufa na ya mwinukoni imesimama vizuri. Mimi swali hilo limenila hela misimu kadhaa, ngoja nikuambie niliyoyaona.

Bondeni maji yanatuama. Kimelea cha ugonjwa wa shina jeusi hutoa vijimbegu vinavyoogelea, kwa hiyo udongo wenye joto ukilowa chepechepe vinahama mzizi hadi mzizi. Mnyauko bakteria nao unapenda joto na unyevu, ndiyo maana watu wanayachanganya magonjwa haya mawili. Ng'oa mmea unaoanza kunyauka, upasue shina kwa urefu. Kiini kikiwa kimekauka na kugawanyika kama visahani vilivyopangwa, shuku shina jeusi. Kata kipande kingine cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, hao ni bakteria, na hapo hakuna cha kunyunyizia kitakachouponya mmea. Mimi nilinyunyizia dawa ya ukungu wiki tatu, nikawa naogesha maiti.

Bakteria sio kosa langu kubwa, lakini. Kubwa lilikuwa majivu na chokaa. Nilimwaga kila msimu bila kupima, nikijua tu kwamba udongo mchachu ni mbaya. Msimu mmoja kukawa na baridi baada ya kuhamishia miche. Ikadumaa, mchana inalegea, jioni inasimama. Kung'oa, mizizi imebaki vigutu vyeusi! Huo ni ukungu unaoozesha mizizi ikawa myeusi; unashamiri kwenye udongo wa baridi wenye pH (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu unazidi) iliyopita 5.6 hivi, na ikishuka chini ya 5.2 unapungua sana. Majivu na chokaa hupandisha pH, kumbe nilikuwa naulisha mwenyewe. Usikimbilie kushusha mno pia, maana kwenye uchachu mkali madini ya manganizi huwa sumu kwa tumbaku.

Kama una sehemu ya kichanga, angalia mafundo kwenye mizizi. Hao ni minyoo fundo, na majeraha wanayoacha ndiyo mlango wa shina jeusi na mnyauko bakteria. Niliwahi kupanda aina inayostahimili shina jeusi, minyoo ikaivuruga hadi ikaugua kama za kawaida.

Mbolea sina mengi: naitrojeni ikizidi jani linakuwa laini na madoa ya bakteria hulivamia mvua zikianza, potasiamu ikipungua, madoa ya kahawia hayakosi.

Bondeni kwako ningeinua matuta, nichimbe mfereji, halafu niweke mahindi misimu miwili au zaidi. Nyanya, bilinganya na viazi mviringo usiviguse, ni ukoo mmoja na tumbaku. Mahindi hayamalizi minyoo yote, hilo ulijue.

Pasua mashina matatu kesho, uje useme umeona nini ndani. Na pH, ulishawahi kupima?