Laptopu ya mtumba: kagua haya kabla hujatoa pesa

Ukiingia duka la laptopu Darajani au Mlandege, mjini Unguja, kitu cha mwanzo utakachoambiwa ni "hii i7", yaani daraja la prosesa ya Intel, ubongo wa mashine. Neno hilo peke yake halitoshi. Soma tarakimu zinazofuata baada ya kistari. i7-4600U ni ya kizazi cha nne na ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) viwili tu. I5-8250U ni ya kizazi cha nane, ina viini vinne, na kwa kazi nyingi inaiacha mbali ile i7. Usishuke chini ya kizazi cha nane, kwani Windows 11 haizitambui rasmi takriban prosesa zote za Intel za kabla yake, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji anaweza kuilazimisha Windows 11 ikaingia kwenye mashine kongwe, lakini Microsoft haikuahidi masasisho.

Mwanafunzi wa kuandika ripoti na kuingia intaneti inamtosha RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo atafute RAM ya GB 16. Ya GB 4 iache, isipokuwa fundi amekuthibitishia kuwa ina nafasi ya kuongeza. Nyingi kati ya zile nyembamba RAM yake imelehemiwa kwenye bodi. Na pesa ikiwa haitoshi, bora uikose i7 kuliko kuikosa SSD. Diski ya kuzunguka huifanya hata prosesa nzuri ijikokote.

Betri usiipime kwa macho. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, kisha fungua faili litakalotajwa. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (inachobeba sasa ikijaa). Ikiwa ilianza na mWh 50,000 na sasa inabeba 42,000, chukua. Ikiwa imebaki 25,000, nusu imeshakwenda, basi bei nayo ishuke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, betri hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Hapa visiwani kuna jambo jengine ambalo mnunuzi wa Dodoma halimsumbui: hewa ya chumvi. Mashine iliyokaa miaka kwenye hoteli ya ufukweni, Nungwi au Paje, inaweza kung'ara juu na kuliwa ndani. Mulika tochi ya simu kwenye matundu ya USB na HDMI, kisha omba mfuniko wa chini ufunguliwe. Skrubu moja yenye kutu si hoja. Ukiona ukijani kwenye bodi au kwenye meno ya RAM, achana nayo, hata ikiwaka vizuri mbele yako, maana ulaji huo hauishii hapo.

Iwashe upya uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza kitufe chake: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nenosiri na muuzaji hanalo, usinunue. Mashine nyingi za ofisini nenosiri hilo halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi.

Ukiwa Pemba, Chake au Wete, na unaagiza Unguja, mtu wako azifanye hatua hizi palepale dukani kabla mzigo haujapanda boti, akutumie picha ya ripoti ya betri, na risiti iandikwe namba ya mashine pamoja na siku za dhamana.